Kitenge Kati Yangu na Mkwe

Kerende,
Tarime.
27 Juni 2025

Mwanangu mpendwa Gati,

Hujambo wewe, na mjukuu wangu Nyangi hajambo? Meno yamemtoka, au bado anakuliza usiku na mchana? Sisi huku tuko salama. Miguu yangu ilivimba kidogo kwa kukaa sana safarini, sasa imerudi, na sukari nimepimwa zahanati imetulia. Baba yako ni mzima, ila analalamika kwamba miezi mitatu amelishwa ugali wenye madonge na shangazi yako Wegesa.

Asante kwa kunitunza hapo Kigoma. Nilikuja kukuangalia wewe uliyejifungua, mwisho ukawa unaniangalia wewe.

Barua hii anaibeba mumeo Enock mwenyewe, anaondoka kesho asubuhi. Ningepiga simu, lakini mambo ya mkwe siyo ya kupaza sauti majirani wakipita. Kaa chini ndipo uisome.

Siku ile mlipotusindikiza stesheni ulitufungashia chakula kizuri, kuku na chapati, ukaweka vyote kwenye kikapu kimoja. Hapo ulikosea, mwanangu. Kikapu kimoja, na viti vya treni vinatazamana, magoti yangu na ya Enock karibu yanagusana! Wewe ni mtoto wa Kikurya, unajua mama mkwe hawezi kutafuna mbele ya mkwe wake. Enock akafungua kikapu akasema, "Karibu mama, tule." Nikamwambia nimeshiba. Akakifunga, naye hakula.

Kumbe nilikuwa nimeshameza kidonge cha sukari kabla ya kupanda, nikitegemea kula. Kwenda behewa la chakula sikuweza, maana angenisindikiza. Kulipokucha akanikaribisha tena, nikageukia dirishani kama mtu asiyesikia. Tulipokaribia Kaliua mikono ilikuwa inatetemeka, jasho la baridi linanitoka, macho hayaoni vizuri. Gati, niliogopa. Lakini aibu ilikuwa kubwa kuliko woga, nakwambia ukweli.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja, Honoratha, nesi mstaafu, ana bakuli la samaki, migebuka, na ugali wa muhogo. Alinitazama akaniuliza, "Mama, wewe una sukari? Mbona huli?" Nikamnong'oneza kwamba huyu hapa mbele ni mkwe wangu. Alicheka yule mama! Akasimama akaita, "Jamani, nani ana kitenge? Mama ana mkwe!"

Kikatoka kitenge. Mzee mmoja Msukuma na mwanamke aliyekaa na Enock wakakifunga juu kwenye kichanja cha mizigo, kikashuka kati yetu mpaka magotini. Honoratha akanipa kwanza asali, kijiko baada ya kijiko, mpaka mikono ikatulia. Halafu vikaja viazi vitamu kutoka nyuma, karanga, kipande cha samaki, sijui vya nani na vya nani. Kila mtu anasimulia ya kwao. Mzee yule akasema hata yeye mama mkwe wake alikuwa akimwona kwa mbali anaingia kwenye mahindi. Watu wakacheka, nami nikacheka huku natafuna.

Ndipo nikamsikia Enock upande wa pili, akimuuliza taratibu yule mwanamke wa pembeni yake: "Dada, kwa hiyo mama hanidharau?"

"Nani kakwambia anakudharau?"

"Miaka tisa hajawahi kula na mimi. Nilijua ni kwa sababu kwetu hatuna ng'ombe."

Mimi machozi yakanitoka na samaki bado mdomoni. Miaka tisa, Gati! Kila alipokuja Kerende nilichinja kuku, nikampelekea chakula uani, nikajificha jikoni. Kwangu hiyo ndiyo heshima. Kwake yeye asiye Mkurya lilikuwa fumbo, naye akalibeba kimya. Na wewe, unalala nyumba moja na mtu, hukuona hata siku moja kwamba anaumia? Nimekukasirikia kidogo, halafu nikajikasirikia mimi zaidi.

Mkono wa Enock ukapita chini ya kitenge umeshika paja la kuku wako. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti watu wote wasikie, "Asante, mwanangu." Sikuwahi kumwita hivyo.

Tukala hivyo mpaka Tabora. Tulipobadilisha treni ya Mwanza, mwenye kitenge akakataa kukichukua, akasema huko mbele nitakihitaji. Jina lake sikuliuliza, na hilo linanisumbua. Nawaombea wote.

Shangazi yako Wegesa anakusalimu, na kaka yako Nashoni, na baba yako anaulizia picha ya Nyangi akiwa amekaa. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, maziwa yasikauke. Barua hii umsomee Enock yote, hata nilipokugombeza.

Naandika giza likianza kuingia. Nimepika ugali wa ulezi na nyama. Enock yuko uani na baba yako, kile kitenge nimekitundika mlangoni, nami nimekaa huku ndani na sahani yangu, barua pembeni. Sasa hivi nimemsikia akisema, "Karibu mama, tule."

Nimemjibu, "Nakula, mwanangu."

Mama yako akupendaye siku zote,
Teresia Mwikwabe