Kura Ishirini na Tano za Meza Yangu

Jumatatu, 7 Novemba

Birdie kalala, hatimaye. Jino la pili linamtesa, anauma kila kitu hadi sikio la mbwa.

Kesho kazi! Karani wa kura — mimi, niliyeacha shule mwaka mmoja kabla ya kumaliza. Mama mkwe ndiye aliyepeleka jina langu. Yeye ni mwenyekiti wa chama chetu hapa kaunti, na kila meza lazima ikaliwe na watu wawili, mmoja wa kwetu, mmoja wa kwao, wapinzani wetu. "Kaa pale uwakodolee macho, mwanangu," kaniambia. "Wale hata kivuli chao hawakiamini." Mimi nikacheka. Mume wangu Curt naye akacheka, ila meno tu.

Blauzi ya bluu nimeshaipiga pasi.

Jumanne, 8 Novemba

Miguu yangu! Saa kumi na tano katika ukumbi wa chini ya kanisa.

Mwenzangu mezani alikuwa Mzee Vernon Buchholz, wa kwao. Aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na nane. Asubuhi nilimwogopa. Kufika saa tatu tulikuwa tunagawana biskuti za tangawizi alizooka dada yake, na ananiuliza kama mtoto anatambaa au anajiviringisha.

Kazi yenyewe si ngumu. Nyuma ya kila karatasi ya kura tunaandika herufi za majina yetu, yeye VB, mimi TK, ndipo mtu akabidhiwe. Karatasi zinakuja kwenye vitabu vya ishirini na tano. Foleni ikipungua tunasaini kitabu kizima mapema, ili watu wasisubiri.

Mchana mama mkwe alimleta Birdie anyonye, nikaenda naye garini. Nikarudi mbio, blauzi imelowa, foleni imepanda hadi ngazini — zamu ya kiwanda cha jibini imetoka! Nikagawa, nikagawa. Bi Fern alikuja na mtungi wake wa oksijeni, akasema akifia kwenye foleni basi karatasi yake ihesabiwe hivyo hivyo. Halafu Mai Nhia Vang wa kiwandani. Amekuwa raia mwezi wa nane tu. Karatasi aliipokea kwa mikono miwili. Kwetu mtu akipiga kura mara ya kwanza tunagonga kengele na ukumbi mzima unapiga makofi. Nikagonga. Akalia. Nami nikalia — maziwa na machozi, vyote vinatoka!

Siku nzuri. Sikujua kazi hii itanigusa hivi.

Jumatano, 9 Novemba

Lowell, mgombea wetu, kashindwa. Kwa kura tisa! Kiti cha bunge la jimbo, wilaya nzima, tisa tu. Ni fundi wa tanuri za kupasha nyumba joto. Mwaka juzi mkesha wa Krismasi alikuja kututengenezea yetu, theluji imemfika magotini. Nilimpigia kura na ningempigia tena. Mama mkwe anadai kura zihesabiwe upya. Ni haki yake. Na zihesabiwe.

Jumapili, 13 Novemba

Baridi. Birdie anasema "ba". Curt anadai ni "baba". Mimi nadhani ni basi tu.

Jumatano, 16 Novemba

Kuhesabu upya kumeanza leo mahakamani. Mama mkwe kanipigia simu saa nane, sauti juu kama msichana. Tumepata! Kura ishirini na tano hazina herufi za makarani wote wawili. Zina VB tu. Sheria yasema karatasi isiyo na herufi za makarani wa vyama vyote viwili inaweza kutupwa. Kumi na nane ni za kwao, saba zetu. Zikitoka zote, Lowell anashinda kwa mbili.

"Mzee yule kaziingiza kisirisiri," akasema. "Nilikwambia! Nilikwambia uwakodolee macho!"

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa kwenye ngazi.

Ishirini na tano. Kitabu kimoja. Kitabu ambacho Mzee Vernon alishasaini upande wake wakati mimi niko garini nanyonyesha. Nikarudi, nikaona wino nyuma, nikadhani tumemaliza wote wawili. Nikagawa.

Ni mimi. Hakuna aliyeingiza kitu.

Nilitaka kumwambia papo hapo. Nikasema, "Mama, Birdie analia." Birdie alikuwa anacheka.

Alhamisi, 17 Novemba

Nimemwambia. Jikoni kwake, wakili wa chama yupo, anakula viazi vya kuoka vya mama mkwe na kuvisifu kila kijiko.

Mama mkwe akanishika mkono. Kwa upole! Hapo ndipo nilipoogopa.

"Mwanangu, una mtoto mchanga. Hulali. Nani anaweza kukumbuka kitabu kipi alikigawa saa ngapi?"

"Mimi nakumbuka, mama. Ndicho alichopewa Bi Fern. Ndicho alichopewa yule dada niliyemgongea kengele."

Wakili akaweka kijiko chini. Hataki niseme uongo, akasema. Jumatatu nitaapishwa mbele ya bodi ya watu watatu, nitaulizwa kama karatasi hizo zilitoka mezani kwangu. Nijibu sikumbuki. Neno moja. Bila mimi hakuna wa kuthibitisha, maana Mzee Vernon ni wa kwao na nani atamwamini.

"Na wale watu?" nikauliza. "Walisimama kwenye foleni. Kosa si lao."

"Sheria ni sheria, binti."

"Sheria iliwekwa mwizi asiingize karatasi. Hapa mwizi yuko wapi? Kuna mama mwenye blauzi iliyolowa."

Wakili akaona haya, akatazama viazi. Mama mkwe hakuona haya. Akasema Lowell ni mtu mwema. Ndiyo, ni mwema. Akasema wale wangekuwa ndio sisi, wangezitupa bila kupepesa. Labda. Akasema, "Wewe uko upande gani?"

Nimeendesha gari hadi nyumbani na swali hilo. Bado ninalo.

Ijumaa, 18 Novemba

Simu tano za watu wa chama. Wawili wananiombea. Mmoja kaniita msaliti, kisha kaniuliza kama bado naoka keki ya mnada wa kanisa.

Jumamosi, 19 Novemba

Msimu wa kuwinda kulungu umefunguliwa. Curt na baba yake porini tangu alfajiri, wamerudi bila hata manyoya. Nikamuuliza Curt anaonaje. Akavua buti moja, akakaa nayo mkononi.

"Mimi ni mtoto wa mtu na mume wa mtu," akasema. "Nikifungua mdomo nalala kwenye gari."

"Nauliza kweli."

"Kweli? Mama ndiye aliyenifundisha karata. Nilipokuwa na miaka saba nilichungulia karata za shangazi. Mama akanitoa mezani mwezi mzima. Mwezi, Tressa! Kwa mchezo wa kushindania njugu."

Akavua buti ya pili.

Nimewaza sana nikimwogesha Birdie. Sijasoma, sijui maneno makubwa wanayosema kwenye televisheni, demokrasia hivi, katiba vile. Kila upande unasema yake na kila upande unapiga ngumi mezani. Najua hili dogo tu. Mai Nhia hakunipa mimi kura yake. Alinipa niibebe hatua tano, kutoka mezani hadi kwenye mashine ya kuhesabu kura. Kama nachungulia imeandikwa nani ndipo niamue kama nakumbuka kumpa karatasi, basi sikuwa karani. Nilikuwa mlinzi wa mlango wa chama.

Na tukishindwa — basi tumeshindwa, baada ya miaka miwili tunajaribu tena. Lowell atagonga milango tena. Hiyo naweza kuibeba. Ile nyingine siwezi.

Lakini mama mkwe namwogopa. Nampenda na namwogopa. Alilala chini kando ya kitanda changu hospitali siku tatu Birdie alipozaliwa. Nani mwingine ninaye?

Jumapili, 20 Novemba

Kanisani alikaa safu nyingine. Nje, kwenye barafu, akaniambia bila kuniangalia: "Kesho tafuta mtu mwingine wa kukushikia mtoto."

Jumatatu, 21 Novemba

Mahakamani. Naandika kwenye goti.

Sikupata wa kumshika Birdie, nimekuja naye. Ukumbi umejaa. Kwetu kushoto, kwao kulia, kama harusi ya koo zilizogombana. Mama mkwe safu ya mbele, mkoba mapajani. Nilipoitwa nikasimama na mtoto kiunoni — mkono wa kuapa niutoe wapi? Mama mkwe akainuka, akanipokonya mtoto. "Mtoto hana chama," akasema, kwa hasira, ukumbi mzima ukasikia. Watu wakacheka, hata wa kwao. Yeye hakucheka.

Nikaapa. Wakili wetu akaniuliza kwa upole kabisa. Nikasema nakumbuka. Nikaeleza kitabu, gari, blauzi. Nilitaja maziwa mbele ya wanaume watatu wazima, na wa katikati akaanza kutafuta kalamu yake ambayo ilikuwa mkononi. Nikasema kosa ni langu, si la Mzee Vernon, wala si la waliosimama kwenye foleni. Nilisema hadi mwisho.

Bodi wakanong'onezana. Kura ishirini na tano zinabaki. Upande wa kulia wakapiga makofi! Sikuyapenda. Sikusema kwa ajili yao. Nilipokuwa narudi kukaa, Lowell aliniinamishia kichwa. Uso wake ulikuwa umechoka, lakini aliinamisha.

Nikadhani imekwisha.

Haikwisha. Kuna bahasha kumi na nne za nyumba ya wazee ya huko mtoni. Hazijafunguliwa kamwe. Wazee hawawezi kuja kituoni, hivyo kabla ya siku ya kura karani anawapelekea karatasi, anashuhudia, anaandika jina lake na anwani yake juu ya bahasha. Jina lipo kwenye zote. Anwani haipo hata kwenye moja. Na kila mtu hapa anajua nyumba ile ni ya kwetu. Mwenye nyumba hata kahawa anawapa katika vikombe vya chama. Zikifunguliwa, zile kura tisa alizopungukiwa Lowell zinaweza kufidiwa. Kwa haki kabisa.

Wakili wa kwao, yule yule aliyenipungia mkono dakika tano zilizopita, kasimama. Zitupwe, akasema. Sheria ni sheria.

Mama mkwe akaruka. "Wale ni wazee! Mnatupa kura za wazee kwa sababu mtu kasahau kuandika barabara anayokaa?" Kisha akasikia alichosema. Nilimwona akikisikia. Akakaa polepole — si safu ya mbele, bali hapa, kando yangu, Birdie bado mikononi mwake. Hatujaangaliana.

Jina lililo juu ya bahasha ni Vernon Buchholz.

Wamemwita. Mzee kavua kofia, kaapa, kakaa. Wakili wa chama chake mwenyewe kamuuliza, kwa upole ule ule — naujua sasa upole huo — kama anaweza kuapa kwamba aliwaona wazee hao kumi na nne wakijaza, mmoja mmoja. Au, kwa umri wake na kazi nyingi za siku ile, hakumbuki?

Upande wa kulia kuna mtu kakunja mikono na kumkazia macho.

Mzee Vernon anazungusha kofia magotini. Ametazama bahasha. Ametazama watu wa kwao, majirani zake wa miaka yote. Ananitazama mimi sasa. Simwashirii chochote. Sina haki hiyo.

Mkono wa mama mkwe umeshika wangu, ule usioandika, anauminya hadi pete inaniumiza. Midomo yake inacheza. Nilidhani anasali. Nimeinama kidogo nisikie.

"Sema kweli, mzee," ananong'ona. "Tafadhali. Sema kweli tu."