Milango Mipana

Mke wangu mpenzi,

Mimi mzima, ila viatu vimejaa saruji.

Kiwandani, kabla hatujaunda friji, tulishapanga itakavyotengenezwa ikiharibika na itakavyofunguliwa ikizeeka. Sasa nawaomba mafundi wajenge nyumba yetu vivyo hivyo. Wananicheka: "Bwana Friji, mtoto hajazaliwa unamshonea sanda."

Jana mchana nilisinzia juu ya mifuko ya saruji, nikaiota nyumba yetu ikizeeka taratibu kama mtu, madirisha yakitoka yenyewe na mapya yakiingia, nawe ukipita vyumbani bila mlio wa hatua.

Nimeichora upya. Haina ngazi, milango ni mipana. Daktari anasema miguu itakubeba miaka kadhaa. Nimechorea miaka itakayofuata: kiti chako cha magurudumu kitapita kila chumba, nami nyuma nakisukuma.

Wako,
Bwana Friji