Dada wa Kinanda

Rwamgasa,
9 Februari 2025

Mpendwa mama,

Shikamoo mayu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na mvua imeikumbuka pamba yako. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaumwa, na ndiyo maana nimekaa kuandika badala ya kupiga simu. Simu ya hapo nyumbani kaka Wiliam huiweka spika, ukoo mzima unasikiliza hadi mbuzi.

Mama, Ignas ameoa. Yule fundi niliyekusimulia Krismasi, anayetengeneza makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Kila Jumamosi alikuwa akija kwenye kibanda changu kuchaji simu na kuingiziwa nyimbo. Anakaa kwenye benchi, tunapiga soga, tunacheka, na akigeuka nachomoa waya kidogo ili betri ichelewe kujaa. Usinicheke. Nilidhani ananipenda. Kumbe mwenzangu alikuwa anachaji simu.

Alikuwa na Klara wake wa Katoro siku zote. Alipokuja kunialika alisema, "Dada, wewe ndiye dada yangu wa kinanda. Harusi yangu apige nani kama si wewe?" Nikaitika. Mama, nilipiga kinanda cha kwaya tangu bibi harusi anaingia hadi keki inakatwa, nikitabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Kesho yake nilifungua kompyuta ya kibandani nikiwa bado na macho mekundu. Nje karasha lilikuwa linasaga. Yale mapigo unayoyalalamikia ukija, nikayarekodi kwa simu, nikayafanya ndiyo ngoma. Juu yake nikapanga sauti za kinanda zinazometameta, za disko lile la zamani alilolipenda marehemu baba. Halafu nikaimba yote, tangu waya mpaka keki. Ni wimbo wa kilio, lakini miguu inakataa kukaa chini. Nimeuita "Dada wa Kinanda".

Niombee, na uwasalimie wote.

Mwanao akupendaye,
Mariana


Usanda, Shinyanga,
2 Machi 2025

Mwanangu Mariana,

Marahaba. Sisi wazima. Goti linanisumbua asubuhi tu, na pamba imesimama vizuri kuliko ya jirani, ingawa mbele yake nasema imekauka. Barua yako kondakta kaileta ikinuka dagaa, nikaisomea jikoni mlango ukiwa umefungwa.

Pole sana, mwanangu. Umeniliza na umenichekesha. Hapo kwenye waya nilicheka mpaka Wiliam akaja kuuliza kuna nini. Mtu aliyepiga kinanda kwenye harusi ya namna hiyo mpaka keki ikakatwa, huyo si mnyonge. Lakini kula. Nakujua, ukiwa na huzuni unashindia chai. Nimekutumia karanga na michembe, viazi vya mwaka huu vimekauka vizuri.

Na huo wimbo, umeumaliza? Basi umelia, umenyamaza, uweke ndani. Mwanamke akikataliwa anatafuta kazi ya mikono, hatafuti spika. Hapa pana mwalimu mgeni anaitwa Valerian, mtu wa kanisani, ana pikipiki yake. Sisemi kitu. Nakuarifu tu kwamba yupo.

Ni mimi mama yako,
Mama Wiliam


Rwamgasa,
20 Aprili 2025

Mpendwa mama,

Shikamoo mayu, na heri ya Pasaka. Hamjambo hapo? Michembe nimeila yote, hata ile ya chini kabisa yenye mchanga. Mwalimu Valerian msalimie, na pikipiki yake pia.

Mama, wimbo umekataa kukaa ndani. Fredy wa bajaji alikuja kuingiza nyimbo, nikabonyeza vibaya, ukalia. Akasimama kama kapigwa shoti. Akasema haondoki bila huo. Akauchukua, na alipokwenda Geita ukaenda naye. Wiki iliyofuata makarasha yote ya huku yalikuwa yanaupiga, kwa sababu unakwenda sawasawa na mashine, mtu anasukuma mawe huku anacheza. Sasa upo Katoro, upo Kahama, na abiria mmoja kaniambia kausikia stendi ya Shinyanga. Watu wanakuja kibandani kuniangalia tu. Mmoja akasema, "Kumbe ni kadogo hivi!"

Lazima nikuambie jambo kabla hujaambiwa na wengine. Nimemtaja. Nimefanya wanavyofanya waimbaji wa ngoma zetu: wakimwimba mtu hawafichi, wanamtaja yeye, mzazi wake na kwao. Mapigo yote yanakatika, kimya, halafu naita, "Ignas ng'wana Mageni, wa Nyahanga!" Hapo ndipo karasha linarudi na watu wanaruka. Bila jina wimbo wa kwetu si wimbo, nawe unajua. Nilijifunzia uwanjani, nikiwa mgongoni kwako.

Usikasirike sana.

Mwanao,
Mariana


Usanda,
11 Mei 2025

Mariana,

Marahaba, ila ni kwa shingo upande. Afya yangu usiulize.

Nimeusikia. Nilikuwa nimepakiwa kwenye bodaboda nikitoka sokoni, kijana kafungulia redio yake, nikatambua sauti ya mwanangu inawaambia watu wote wa Shinyanga kwamba kakataliwa. Nikamwambia anishushe. Nikatembea, na goti hili.

Juzi wamekuja baba zake wadogo Ignas kutoka Nyahanga, wamevaa makoti. Wamekalia viti vyangu, wamekunywa uji wangu, wakaniuliza kwa upole kabisa mtoto wao amekukosea nini. Mwanangu, hajakukosea. Hakukuahidi chochote. Anapigiwa honi kila anapopita, na Mzee Mageni ameacha kwenda mnadani kwa sababu ya wimbo wako. Wangenitukana ningejua la kufanya. Ule upole ndio ulioniua.

Na wewe je? Umejianika kama michembe juu ya bati. Kanisani nikiingia akina mama wananyamaza. Nani atakuoa, Mariana? Kila mwanaume atajiuliza ataimbwa lini.

Mzee Bujiku naye amekuja, kiongozi wa Wagika, chama chetu cha ngoma. Anataka uimbe na kundi lake Nane Nane, kwenye mashindano. Nimemwambia Mariana haji. Na wewe nakuambia hivyohivyo. Mpaka jina la mtoto wa watu litoke kwenye wimbo huo, usikanyage hapa.

Mama yako


Rwamgasa,
22 Juni 2025

Mpendwa mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kwamba umekubali kuifungua bahasha hii. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliisoma nikaumwa. Nilikukasirikia kwanza. Halafu nikafika tena pale uliposema hajakukosea, na hasira ikakosa pa kukaa.

Ignas alikuja mwenyewe kibandani. Alikaa kwenye benchi lile lile, kofia mkononi.

"Dada, si ungeniambia?"

"Ningekuambia, ungesemaje?"

Akafikiri. "Ningesema hapana. Lakini ningesema kwa adabu."

Mama, tulicheka. Nilicheka na machozi yakanitoka palepale, naye akajifanya anatazama simu za watu. Kisha akaniambia yeye honi atazizoea, tatizo ni Klara. Wanawake wanamwimbia bombani akienda kuchota maji.

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nikachukua sukari na sabuni, nikaenda kwake. Nilimkuta anafua. Nikamwambia nisamehe, nilimwimba mumeo kana kwamba wewe hupo. Aliendelea kukamua shati, nikawa naona ni shati la nani. Akasema, "Wimbo wenyewe naupenda, wifi. Huwa naucheza humu ndani. Nikifika kwenye jina ndiyo nakaa chini." Kaniita wifi, mama, na hana hata chembe ya ubaya.

Jina nimelitoa. Nimewapa watu wimbo upya na nimewaomba waufute wa kwanza. Ila pale mapigo yanapokatika sasa pana shimo. Nikiacha kimya, watu wanajaza wenyewe, wanamtaja Ignas kwa sauti kuliko zamani. Nimejaribu kengele, wamezomea. Wanasubiri mtu, mzazi wake na kwao, na sina wa kumweka.

Mzee Bujiku amenipigia. Anasema mwaka wa tatu huu Donatus wa Wagalu, wapinzani wetu, anawanyang'anya watu kwa kuvaa chatu shingoni. Mwenye watazamaji wengi ndiye mshindi: wanaanza wote pamoja, uwanja umejaa kote, na jua likizama upande wake Bujiku wamebaki wakwe zake. Anataka niende na kinanda, karasha ligongane na ngoma zake.

Wimbo wangu umechezwa kila mahali isipokuwa kwetu. Nataka kuimba nyumbani, mama, kuliko ninavyotaka kitu kingine chochote sasa hivi, hata kuliko nilivyomtaka Ignas. Ukisema hapana sitakuja.

Mwanao,
Mariana


Usanda,
13 Julai 2025

Mwanangu,

Marahaba. Wazima wote.

Tunachuma pamba. Wiki hii akina mama walikuja kunisaidia, wakanyamaza weee kwa kuniheshimu, mpaka mmoja akajisahau akaanza wimbo wako. Wakaitikia mstari mzima. Mikono ilikuwa inachuma kwa mapigo, sijawahi kuona pamba ikitoka shambani namna ile. Jirani yetu Agnetha, na ujane wake na ukali wake wote, alisimama katikati ya shamba akalia huku anacheka. Akaniambia, "Mama Wiliam, na mimi nilikuwa na wangu aliyeniita dada. Sijawahi kumwambia mtu." Wengine nao wakaanza kutoa ya kwao. Mariana, shamba zima lilikuwa limekataliwa.

Mimi nilikuwa nimekunja uso. Kisha nikajisikia nakiimba chinichini kile kipande cha kinanda.

Njoo. Jina la mtoto wa watu lisisikike. Na mimi uwanjani siendi, nitakuwa hapa nyumbani nawapikia wageni.

Mama yako,
Mama Wiliam


Usanda,
12 Agosti 2025

Mwanangu Mariana,

Salamu nyingi. Natumaini ulifika salama na kinanda chako hakikuumia kwenye buti la basi. Mimi ni mzima, isipokuwa goti limevimba kama boga, na sababu yake ndiyo nataka kukuambia. Nyumba ilijaa watu hatukupata nafasi, na ulivyoondoka alfajiri nikabaki na maneno mdomoni.

Nilikudanganya. Wageni walipikiwa na mke wa Wiliam. Mimi nilijitanda khanga mpaka puani, nikaenda uwanjani, nikasimama upande wa Donatus. Ndiyo, kwa Wagalu! Nilijiambia ukizomewa nisionekane, na nisione.

Mlipoanza, upande ule niliosimama watu walikuwa wamebanana, wanamshangaa chatu. Ngoma za Bujiku nikazisikia kwa mbali, za kawaida. Kisha jenereta likanguruma na lile karasha lako likaingia ndani ya ngoma, na sauti zako zile za kumetameta zikapanda juu. Kijana aliyekuwa mbele yangu akageuza kichwa. Mwenzake akageuza. Wakaondoka. Wakafuata akina mama na watoto mgongoni, wakafuata wauza miwa na miwa yao. Mwanangu, uwanja uliinuka ukahama! Wapiga ngoma wa Donatus wenyewe walikuwa wanapiga huku shingo zinaangalia kwako. Mwishowe tulibaki mimi, mzee mmoja asiyesikia vizuri, na chatu.

Hata hapo sikusogea. Nilikuwa nangoja lile shimo. Mapigo yakakatika, uwanja mzima ukavuta pumzi, nikaona midomo ya watu inajiandaa kumtaja mtoto wa Mageni. Nikafumba macho. Nikasikia sauti yako peke yake:

"Mariana, wa Zipora, wa Usanda!"

Jina langu, Mariana. Si Mama Wiliam, si mjane wa fulani. Zipora, lile nililopewa na mama yangu, ambalo sijasikia likiitwa kwa sauti tangu nilipoolewa. Baba yako alikuwa na haki ya kutajwa pale, na angekuwa hai angelalamika kidogo. Lakini ni mimi niliyekubeba kwenda viwanjani.

Nilikimbia. Khanga ilidondoka sijui wapi. Nilikatiza uwanja mzima na goti langu, nikaingia kwenye vumbi lile nikacheza, na watu wakanifungulia njia wakipiga kelele, "Zipora! Zipora wa Usanda!" Agnetha alikuwa ameshafika zamani. Na mbele kabisa alikuwa Klara, amekuja na mumewe kutoka huko kote, anacheza kuliko wote, na pale kwenye jina hakukaa chini. Ignas alikuwa anapiga makofi nje ya mapigo. Fundi mzima wa mashine hajui kufuata mapigo! Hapo nikakuona ukimwangalia. Mimi ni mama yako, niliona. Kidonda bado kidogo hakijapona. Nikaona pia ukainua kidevu, ukarudia kiitikio kwa nguvu kuliko mwanzo, na nikajivuna mpaka nikatamani kila mtu aulize huyu ni mtoto wa nani.

Jua lilipozama kule kwa Donatus palikuwa na vumbi tu. Bujiku bado hajalala kwa furaha, anatembea kijijini anasalimia watu ambao ameshawasalimia. Donatus alikuja hapa jana kunywa uji. Anaomba mwakani umwimbie yeye. Nimemwambia azungumze na Wagika kwanza, na chatu amwache nyumbani.

Kanisani sasa akina mama hawanyamazi nikiingia. Wananiulizia utarudi lini, na mwalimu Valerian ameuliza pia. Sisemi kitu.

Habari moja nimeiweka mwisho. Tangu juzi, sokoni, njiani, hata mwenye mizani ya pamba, hakuna anayeniita tena Mama Wiliam. Wiliam amenuna, anasema yeye ndiye mtoto wa kwanza. Nimemwambia atunge wimbo.

Ni mimi mama yako,
Mama Mariana