"Kama" Iliyokuja Nyuma

Mjukuu wangu Mireille,

Hapa Lubumbashi tuko wazima. Unauliza kwa nini mwalimu wa Kiingereza anawachosha na vishazi.

Dada yangu Béatrice alipotafuta kazi Zambia, nilimsindikiza hadi Kasumbalesa, mpakani. Huko tajiri mwenye kazi alisema kwa Kiingereza, dalali wake akatafsiri: "Anakupatia kazi. Benzako bote balishaitika, weye tu njo unaogopa?"

Dada akabeba sanduku. Lakini mimi nilikuwa nimesikia "if", yaani "kama". Sisi kwa kawaida tunaitanguliza. Ya tajiri ilikuja nyuma, mwishoni mwa sentensi, na mahali pake dalali aliweka "benzako bote", eti wenzake wote wamekubali.

"Kama nini?" nikamuuliza tajiri kwa Kiingereza changu cha shule.

Kumbe, atampa kazi kama mfanyakazi aliyepo ataiacha.

"Turudi, yaya," nikamwambia dada yangu huyo mkubwa.

Ndiye huyo anayekupikia bukari kila likizo.

Nkambo wako anayekukumbuka