Ubavu wa Kushoto wa Gari la Mchumba

Jumanne, 4 Machi
Mji huu ukinikosa wiki moja tu, magari yote yatazeeka. Sijisifu — watu wenyewe wanasema. Leo nimepokea pikapu, plastiki zake nyeusi zote zimepauka, rangi ya jivu. Nikaosha. Nikasugua kwa mswaki na spiriti. Nikapitisha hewa moto taratibu — ukizembea zinayeyuka! — kisha dawa yangu kwa sifongo. Weusi ukarudi. Mwenye gari alipokuja alilipita gari lake, akaenda kufungua la jirani. Nusura alie.

Jioni dada kapita gereji. Jumapili wazazi wa mchumba wa mpwa wangu wanakuja, wanataka jibu. Shemeji keshakubali, dada naye kakubali, limebaki neno la mjomba. Nikasema neno langu halitoki bila uchunguzi.

"Kaka, usianze," akasema.

Nimeanza.

Jumatano, 5 Machi
Kijana mwenyewe, mchumba wa mpwa, kaja kwa dada kusalimia. Shati limenyooka, maneno yamenyooka zaidi. Simwamini mtu asiye na kikunjo popote. Nikamuuliza habari za gari lake, kirafiki tu. Akasema nyumbani linalala bandani, chini ya paa, na kazini wana maegesho ya ndani. Eti jua halilioni!

Nikatoka nje kama napunga upepo. Nikalizunguka. Ubavu wa kulia plastiki nyeusi, safi. Wa kushoto umepauka kama magoti ya mtoto aliyeoga akasahauliwa mafuta. Upande mmoja tu! Mimi plastiki hazinidanganyi. Hilo gari kila siku linaegeshwa mahali palepale, limetazama kulekule, jua linalipiga ubavu uleule.

Mahali gani? Kwa nani?

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshapata jibu. Nyumba nyingine. Mwanamke mwingine. Labda na watoto wanaokimbilia getini wakisikia honi.

Leo kijana kaja kumchukua mpwa. Natazama — ubavu wa kushoto mweusi! Juzi jivu, leo mkaa! Nikasubiri aingie ndani, nikapitisha kitambaa cheupe. Kikatoka cheusi tii. Nikanusa. Rangi ya viatu! Mtu mzima kalipaka gari lake rangi ya viatu! Mvua ikinyesha litalia machozi meusi mpaka kwenye matairi. Na kwa nini sasa, baada ya kuniona nikilizunguka? Anafuta nyayo.

Mpwa kanikuta nimepiga magoti, kitambaa puani.

"Mjomba, unanusa gari?"

Nikamwambia ni hatua ya kitaalamu. Hakucheka. Kasema nikimharibia Jumapili hataniita mjomba tena. Kisha akalia kidogo, akajifuta haraka asionekane. Sikupenda. Huyu nimembeba mgongoni. Lakini heri alie sasa kuliko akiwa na watoto wawili.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemweleza shemeji ushahidi wote. Kacheka hadi chai ikamtoka puani. Kasema ningekuwa polisi, mtaa mzima ungekuwa ndani. Na yeye namtilia shaka. Kwa nini ana haraka ya kumwoza binti yake?

Jumapili, 9 Machi
Naandika ndani ya gari la kijana. Kiti cha dereva. Haraka haraka.

Wazazi wake wamekuja. Baba mpole, mama mcheshi. Tumekaa, tumekunywa, shemeji akasema sasa tumsikie mjomba. Nikasimama. Nikamwaga yote — ubavu wa kushoto, rangi ya viatu, nyumba nyingine. Mpwa kainamisha kichwa. Dada kanitazama kwa lile jicho la marehemu mama.

Kijana hata hakukasirika. Kasema banda lake lina paa, ila upande mmoja halina ukuta, jua la jioni linaingia. Na rangi ya viatu alipaka kwa aibu, aliponiona fundi mzima nalikagua gari lake chakavu. Mama yake akadakia, "Ndiyo maana leo viatu vya baba yako vimekosa rangi!" Wote wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nikasema hayo ni maneno, banda nilione kwa macho yangu.

"Sawa kabisa, mjomba," kijana akasema, akaniwekea funguo kiganjani. "Endesha wewe mwenyewe, mimi nikuelekeze tu. Usije ukasema nimekuzungusha."

Nikasema kichwa kinaniuma. Dada akaruka, "Kaka yangu huyu? Aliyeteremsha lori la mafuta mlimani bila breki?" Ni kweli, nilishawahi kuwasimulia hiyo. Mara nyingi.

Sasa wazee wa kijana wapo nyuma, wamefunga mikanda. Yeye pembeni yangu. Mpwa kaegemea dirisha langu, macho bado mekundu, anasubiri nikaone nirudi nimsafishe mwenzake. Nimewaambia fundi wa kweli huandika hali ya gari kabla ya kuliwasha. Nimefunika daftari kwa kiwiko. Nimeshakagua vioo, mazulia, hata harufu.

"Mjomba, tayari?" kijana anauliza.

Bado kidogo, mwanangu.

Huku chini kuna vikanyagio vitatu. Kimojawapo ni breki. Sijui kipi. Sijawahi kuendesha gari maishani mwangu.