Kabichi Zilizovuka Daraja kwa Kichwa

Mama mpendwa,

Wabukire, kama tusalimianavyo asubuhi kwetu. Umeamkaje huko Bwera, na goti limepoa? Baba naye, kikohozi kimemwachilia? Mimi ni mzima, kazi ya kuwatunza wazee inaendelea, na baridi nimeizoea kiasi.

Uliniuliza kwenye simu mji wenyewe ukoje. Ni mdogo, Mama, na ni wa zamani sana. Mto unapita katikati, mpana na mpole, na juu yake kuna daraja la mawe lenye matao. Zamani mashua zilipakia ngano na sufu hapo kupeleka London. Siku hizi zinabeba watalii na mbwa wao. Uwanjani kuna nyumba iliyosimama juu ya nguzo za mawe, na chini yake soko hufanyika kila Alhamisi. Wanasema mfalme mmoja wa kale ndiye aliyewapa ruhusa. Hawapigi kelele kama ninyi kule sokoni Mpondwe. Muuzaji anakungoja kimya mpaka uulize.

Sasa sikia. Wiki iliyopita mvua ilinyesha mfululizo, mto ukapanda kama mto wetu Nyamwamba wa Kasese. Polisi wakafunga daraja, magari yasipite, ila waendao kwa miguu. Mzee Harold, ninayenunua mboga kwake, akakwama ng'ambo, gari limejaa kabichi na viazi. Nilivuka kwa miguu nikamkuta ameegemea mlango wa gari. Akaniambia anarudi nyumbani. Babu yake aliuza sokoni pale, baba yake vilevile, na sasa yeye ndiye wa kwanza kuacha meza tupu.

Ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nikavua skafu, nikaikunja iwe kata, nikamwambia, "Nitwike."

"Utaanguka, binti," akasema.

Nikamweleza kwamba nililelewa na Bibi kule Kyarumba, na njia za milimani kule ni mbaya kuliko daraja lake. Akanitwika kreti ya kabichi. Nikavuka, mikono nimeiachia. Upande wa pili mama mmoja anayeuza mikate akaacha meza yake akanifuata kuchukua viazi. Mwenye bucha naye akaja. Mara tukawa msururu, wao wamekumbatia kreti vifuani wanahema, mimi nacheka. Kabla ya adhuhuri meza ya Mzee Harold ilikuwa imejaa. Ndipo akaniuliza jina. Nikamwambia ni Masika, jina ambalo kwetu hupewa msichana wa kwanza kuzaliwa.

Jana nilikuwa nakwenda kazini, nimeinamia upepo, nikasikia mtu ananiita ng'ambo ya barabara, "Masika!" Kumbe ni yule mama wa mikate. Mama, tangu nifike hapa hakuna aliyewahi kuniita jina langu njiani. Nilisimama tukaongea mpaka nikachelewa kazini, na wala sikujuta.

Nisalimie Baba, kaka Baluku na kazi yake kule Mweya, shangazi wa Karambi, na afande jirani yetu pamoja na mkewe. Bibi mwambie shingo yangu bado ina nguvu.

Mungu awalinde nyote.

Ni mimi binti yako,
Masika