Kalemie Wanatafuta Mafundi wa Kucheza

Kalemie, siku ya posho, nyuma ya salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia muji

Mama yangu mupenzi,

Jino langu limepona, chakula kinapita, na hasira ninayo ya kutosha, kwa hiyo ujue binti yako ni muzima. Na wewe? Jicho la kuume bado linaona moto wa mafiga, ao nalo limeanza kuwa na ukungu kama lile lingine? Mbuzi amezaa? Muguu wa Papa mudogo umeshuka uvimbe? Unijibu yote, usiniambie tu "tuko salama" kama muntu anayejibu jandarma.

Papa Katekista, wewe unayemusomea Mama barua hii, nakusalimu kwa heshima yote. Funga mulango kwanza, kisha soma kwa sauti ndogo. Lakini usiruke maneno. Macho ya Mama njo yamechoka, masikio yake hapana.

Mama, umeniuliza mambo mawili. Papa mudogo anataka kujua kazi gani zinatafutwa huku Kalemie, ili mutoto wake asomee hizo. Halafu unasema ndugu yangu Katele amekuandikia kwamba sasa ni fundi wa mashini kwenye boti ya kampuni yetu, na kwamba upande hapo Mpala, bure, uje munganga akutazame macho. Nitajibu la kwanza, na ukilisikia utaelewa la pili.

Kazi ziko nyingi. Karatasi ya kazi imebandikwa kwenye mulango wa kampuni, nimeipiga mimi mwenyewe, daktilo wao: wanatafuta fundi wa mashini, fundi wa kulehemu, fundi wa umeme. Watu wanateremka gari moshi kutoka Kabalo, diplome zimefungwa ndani ya nailo zisilowe, kifua mbele. Masikini ya Mungu! Hawajui wanakuja kupimwa nini.

Unakumbuka yule Mugriki mwenye boti? Serikali ilimunyanganya kampuni, ikamupa Muzairwa mwenzetu. Watu wa namna hiyo wanaitwa akereri. Huyu wetu maisha yake yote hajauza hata sahani moja ya ndakala, samaki ndogo za ziwa letu. Siku aliyoingia hakuuliza boti inakunywa mafuta ya mazutu kiasi gani. Aliuliza kikundi cha animasio kiko wapi. Animasio ni zile nyimbo na ngoma za kusifu Chama. Kila kampuni iko na kikundi chake, na wakubwa wakishuka kwenye ndege, kikundi kinachotikisa vizuri njo kinamufanya mwenye kampuni apendwe nao. Sasa, sheria hairuhusu kulipa muntu kwa kazi ya kucheza. Basi muchezaji anaandikwa fundi. Na mafundi wenyewe? Wanarudishwa kwao.

Mimi ninakaa kwenye pembe na mashini yangu ya kuandika, ninaona yote. Juzi aliingia kijana wa Kabalo, mikono yake imejaa makovu ya moto. Direkteri, koti lake la abakosti limemukaza tumbo, akamuuliza, "Sitwayeni," ndivyo raia wote tunaitana sasa, "unajua kazi gani?"

"Kulehemu chuma, Sitwayeni Direkteri."

"Nioneshe."

Kijana akaanza kutafuta chuma na macho. "Hapana, hapana. Zunguka!"

"Nizunguke wapi?"

"Kiuno, bwana! Zungusha kiuno!"

Alijaribu, Mama. Alisimama wima kama muchi ndani ya kinu, akatikisa mabega kidogo, akachukua diplome yake, akatoka bila kuaga. Na Papa Kisimba, fundi aliyeilea mashini ya ile boti tangu wakati wa Mugriki, walimuambia na yeye acheze. Akawaonesha muguu wake ulionyooka kama fimbo, akasema, "Boti hiihii njo iliuvunja." Wakamufukuza. Leo anatengeneza vyerehani sokoni.

Basi akaingia Katele. Mama, mutoto unamujua. Mnyororo wa baisikeli yake ukitoka, nani alikuwa anaurudisha? Mimi. Lakini kwa kucheza, aka! Harusi gani ya Mpala ilipita bila yeye kuvunja kiuno pale katikati? Aliingia biro ya Direkteri asubuhi, kabla ya jua la saa sita nikapiga karatasi yake: fundi mukubwa wa mashini. Nilicheka, kisha nikaona haya kwa kucheka. Sasa anatembea muji muzima na ufunguo wa boloni za mashini ndani ya mufuko wa kifua. Ile boloni ya kufungua haijui.

Usifikiri mimi ni musafi. Nami ninacheza, kitenge chenye uso wa Mukubwa wa inchi kimenikaa kifuani. Usipocheza hauli. Lakini mimi sichezi na roho za watu.

Mwezi uliopita tulipanda boti kwenda Moba, kuwaimbia wakubwa. Ndani kulikuwa na wasafiri pia, wamama na mihogo yao, kuku, watoto. Katikati ya maji mashini ikakohoa, ikanyamaza. Wakaita, "Fundi! Fundi!" Katele akashuka chini. Akapanda tena amejipaka mafuta usoni, akasema, "Mashini imechoka, tuiache ipumzike." Wallahi, alisema hivyo! Boti ikageuka ubavu kwenye mawimbi. Direkteri, badala ya kutafuta kamba, akaamuru tuimbe, watu wasiogope. Tukaimba. Mama mumoja akalia, "Yesu wangu, tunakufa na tunapiga makofi!" Wavuvi wa huko kwetu njo walituvuta mpaka ufukoni. Tuliporudi, Direkteri akamusifu Katele mbele ya watu wote, eti alitunza moyo wa abiria. Mate yalinijaa kinywani, nikayameza.

Barua yako ilipofika nilimungoja Katele kwenye chakula, bukari iko mbele yake. Nikamuuliza, "Umemuambia Mama apande boti?"

"Ndiyo. Atakaa mbele, kwenye viti vya wakubwa. Mama wa fundi!"

"Na Mama akiwa ndani, mashini ikikufa, utafanya nini? Utamuchezea?"

Nilingoja anitukane. Akanawa mikono, na chakula alikuwa hajakigusa. Kisha akasema bila kuniangalia, "Muandikie apande kamio ya mizigo."

"Nimuambie ni wewe umesema?"

"Hapana. Muambie tu barabara ni nzuri."

Barabara ni mubaya, Mama. Utatikiswa mpaka mifupa ikuume, na kwenye madaraja watakuteremusha utembee na miguu. Leta mukeka, leta maji, ukae karibu na shofa, usikubali kukaa juu ya magunia. Munganga nimekwisha kuongea naye, anakungoja.

Papa mudogo umuambie hivi: mutoto asomee mashini, asomee kweli kweli, mikono ichafuke. Leo akija huku watamufukuza. Lakini ipo siku watu hawa watachoka kuzama.

Musalimie Mama mukubwa mwenye kuuza mafuta mekundu ya ngazi, na shangazi aliyenilea, umuambie kitenge chake nitakipata, kisicho na uso wa muntu. Papa Katekista, aksanti kwa macho yako. Ukimaliza, washa moto na karatasi hii.

Mimi binti yako Veronika, wanayemuita huku Sitwayeni Mwamba, maana majina ya ubatizo yamekatazwa.

Na Katele akikuandikia tena upande boti, umusamehe, hiyo imeandikwa na fundi mukubwa. Neno la kamio lilisemwa na mutoto wako.